Vita vya Jabal Akhdar: je, chanzo kilikuwa mafuta?

Kila vita vinapozuka katika nchi yenye mafuta, swali moja huwahi mbele ya mengine yote: je, si mafuta hayo ndiyo yanayopiganiwa? Swali hilo lilibebwa kwenye mabango katika barabara za London mwezi Februari mwaka 2003, wiki chache kabla ya Marekani na Uingereza kuivamia Iraq, na hadi leo halijapata jibu la kuwaridhisha wote. Wapo wasemao kwamba lau Iraq ingekuwa nchi ya tende tupu, hakuna ambaye angejishughulisha nayo. Wapo wanaowajibu kwamba mwaka 2009, Iraq ilipovinadi visima vyake, waliopata mikataba ni makampuni ya nchi nyingi, ya China yakiwemo, na kwamba aliyepigana kwa ajili ya mafuta asingekubali kugawana na wasiopigana.

Ugumu wa mjadala huo ni kwamba wengi wa waliokata shauri wangali hai, na karatasi nyingi zingali zimefungiwa makabatini. Kwa hiyo katika makala haya tumechagua vita vingine, vidogo na vya zamani kidogo, ambavyo nyaraka zake mjini London zimekwisha kufunguliwa kwa watafiti. Navyo ni vita vya Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, vilivyopiganwa katika bara la Oman katika miaka ya 1950. Wasikilizaji wetu wa Maskati na Nizwa wamesimuliwa habari zake na wazee wao. Wale wa Unguja, Pemba na Mombasa huenda hawakusimuliwa, lakini majina ya koo zilizohusika hawatayaona mageni: al-Hinai, al-Harthi, al-Kharusi, al-Riyami.

Pwani na bara

Inabidi kuanza mbali kidogo na mafuta. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombania urithi wake. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza nchini India, aliigawa dola hiyo mafungu mawili, Zanzibar kwa ndugu mmoja na Maskati kwa mwingine, na Zanzibar iliyokuwa tajiri zaidi ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Maskati ikabaki na jina kubwa na mfuko mdogo. Watawala wake wakawa wanategemea zaidi na zaidi fedha na manowari za Waingereza, na kadiri walivyouegemea mkono wa wageni, ndivyo makabila ya bara yalivyowaona kuwa si wenzao.

Mwaka 1913 wanazuoni na masheikh wa bara walikutana Tanuf, karibu na Nizwa, wakamchagua Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa Imamu. Katika madhehebu ya Ibadhi Imamu huchaguliwa, cheo chake hakirithiwi kama kiti cha usultani. Mwanzoni mwa mwaka 1915 wafuasi wake walishuka hadi nje ya Maskati yenyewe, wakarudishwa nyuma na askari wa Kihindi wa jeshi la Uingereza. Vuta nikuvute hiyo ilikoma Septemba mwaka 1920 katika mji mdogo wa pwani uitwao Seeb, kwa upatanishi wa mwakilishi wa Uingereza mjini Maskati, Ronald Wingate. Wakati huo Imamu Salim alikuwa ameuawa, na mahali pake pamechukuliwa na Muhammad bin Abdullah al-Khalili.

Mkataba wa Seeb ulikuwa mfupi. Ushuru wa bidhaa zinazotoka bara usizidi asilimia 5. Watu wa bara waingie miji ya pwani kwa amani. Serikali ya Sultani isiingilie mambo yao ya ndani, nao wasiishambulie pwani. Maandishi hayo hayataji mafuta mahali popote. Wala hayakusema waziwazi ni nani hasa mwenye nchi. Watu wa Imamu waliyasoma kama makubaliano ya dola mbili zilizo sawa, na Maskati ikayasoma kama hisani ya mtawala kwa raia wake wakorofi. Kwa zaidi ya miaka 30 tofauti hiyo haikumuumiza mtu. Tende na ndimu zilishuka pwani, nguo na mchele vikapanda bara, na Imamu al-Khalili aliishi na Sultani kama majirani wanaosalimiana kwa mbali.

Mwaka 1937 Sultani Said bin Taimur alitia saini mkataba mwingine. Alilipa tawi la Kampuni ya Mafuta ya Iraq haki ya kutafuta na kuchimba mafuta kwa muda wa miaka 75. Pamoja na jina lake, kampuni hiyo haikuwa ya Wairaki. Waingereza, Waholanzi wakishirikiana na Waingereza katika Shell, Wafaransa na Wamarekani walikuwa na asilimia 23.75 kila upande, na asilimia 5 zilizosalia zilikuwa za tajiri mmoja wa asili ya Kiarmenia, Calouste Gulbenkian. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Sultani aliuza haki ya kuchimba katika ardhi ambayo kutokana na Seeb yeye mwenyewe hakuwa akiitawala. Swali la mwenye nchi, ambalo mkataba wa mwaka 1920 uliliacha likilala, sasa lilikuwa na bei.

Njia ya Fahud

Vita Kuu ya Pili vilichelewesha kila kitu. Vilipokwisha, mafuta yalikuwa yamekwisha kupatikana kwa wingi Kuwait, Bahrain, Qatar na Saudi Arabia, na kila mtawala wa eneo hilo alianza kuulizia mipaka ambayo babu zake hawakuwahi kuichora. Agosti mwaka 1952 Saudi Arabia, ambayo mafuta yake yalichimbwa na kampuni ya Wamarekani ya Aramco, ilituma kikosi katika kijiji cha Hamasa kwenye chemchemi za Buraimi. Vijiji vya Buraimi ni tisa, sita vya Abu Dhabi na vitatu vya Sultani wa Maskati.

Lililotokea baadaye husahauliwa na wale wanaovisimulia vita hivi kama ugomvi wa milele kati ya pwani na bara. Sultani alikusanya maelfu ya watu wa makabila mjini Sohar ili kuwatoa Wasaudia, na Imamu al-Khalili alimuunga mkono. Naam, Imamu yuleyule wa Nizwa. Uingereza ndiyo iliyomzuia Sultani asiende, ikitaka suala hilo liamuliwe kwa mazungumzo ili isigombane na Marekani. Watu wakatawanyika, kila mmoja kwao. Kama uhasama wa kale peke yake ungetosha kuleta vita, basi mwaka ule usingewaona Imamu na Sultani upande mmoja.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1953 liliundwa jeshi jipya la askari wa Kiarabu chini ya maofisa wa Kiingereza. Jeshi hilo lilikuwa la Sultani kwa jina na kwa bendera, lakini gharama zake zililipwa na kampuni ya mafuta. Februari mwaka 1954 jeshi na wataalamu wa miamba walishushwa pamoja kwenye ufuko mtupu wa Duqm, katika Bahari ya Hindi, mbali na maeneo ya Imamu. Shabaha yao ilikuwa Fahud, kilima cha mawe katika jangwa la kabila la Duru, ambacho umbo lake liliwafanya wataalamu hao waamini kuwa chini yake kuna mafuta.

Mwezi Mei mwaka huo Imamu al-Khalili alifariki dunia. Aliyechaguliwa badala yake, Ghalib bin Ali al-Hinai, alikuwa kijana zaidi, na nyuma yake alikuwepo ndugu yake Talib, mtu wa vita. Oktoba jeshi la kampuni lilifika Fahud, likauteka na mji wa Ibri ambao ulikuwa chini ya Imamu. Ghalib naye akaomba kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiarabu kama mkuu wa nchi huru, na fedha na silaha za Saudi Arabia zikaanza kuelekea upande wake.

Desemba mwaka 1955, baada ya Wasaudia kuondolewa Buraimi kwa nguvu mwezi Oktoba, jeshi liliingia Nizwa bila mapigano. Sultani mwenyewe alitoka Salalah akavuka jangwa kwa magari hadi bara, safari iliyoandikiwa kitabu na mwandishi wa habari wa Kiingereza aliyefuatana naye, James Morris. Imamu Ghalib aliruhusiwa kurudi kijijini kwake. Mwezi uliofuata, Januari mwaka 1956, mtambo ulianza kuchimba Fahud.

Hadi hapo, msikilizaji, mwenye kusema kuwa ni mafuta ana ushahidi mkononi. Aliyelilipa jeshi anajulikana. Njia ambayo jeshi lilipita ni ile waliyoielekeza wataalamu wa miamba. Na kati ya kuingia Nizwa na kuanza kuchimba haukupita hata mwezi mmoja na nusu. Wanaotetea upande wa Sultani husema kwamba alikuwa akiiunganisha nchi yake mbele ya tishio la Saudia, na hilo pia ni kweli. Lakini tishio hilo lilikuwepo mwaka 1952, na wakati ule Sultani alizuiwa. Kilichoongezeka baina ya mwaka 1952 na 1954 ni kampuni iliyokuwa tayari kulipa.

Ndege kutoka Sharjah

Ugumu unaanzia hapa, kwa sababu vita vyenyewe vilikuwa havijaanza bado.

Katikati ya mwaka 1957 Talib alirejea kutoka Saudi Arabia na wapiganaji waliofunzwa huko. Ghalib akatangaza upya Uimamu wake, na Sulaiman bin Himyar, sheikh wa Bani Riyam na bwana wa Jabal Akhdar, akajiunga nao. Mwezi Julai jeshi lile lililoundwa kwa fedha za kampuni lilisambaratishwa vibaya kiasi kwamba halikufaa tena. Sultani aliomba msaada wa Uingereza, na kabla ya mwezi kwisha ndege za kivita zilizoruka kutoka Sharjah zilikuwa zikizipiga ngome za bara. Agosti Nizwa ilitwaliwa tena. Tanuf, mji ule alimochaguliwa Imamu mwaka 1913, ulibomolewa, na magofu yake yangalipo hadi leo. (Anayenunua maji ya chupa yenye jina la Tanuf mjini Maskati huenda asijue kuwa jina hilo liliwahi kutajwa katika Umoja wa Mataifa.)

Wapiganaji walipanda juu ya Jabal Akhdar, ambako uwanda wa Saiq uko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari na njia za kuufikia ni chache na nyembamba. Huko walikaa mwaka mmoja na nusu, wakishuka usiku kutega mabomu barabarani, huku ndege zikishambulia vijiji vya mlimani na mifereji ya maji ambayo bila hiyo bustani za komamanga na waridi haziishi. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Januari mwaka 1959 makomando wa Uingereza wa kikosi cha SAS walipanda mlima, na vita vikamalizika. Ghalib, Talib na Sulaiman walitorokea Saudi Arabia.

Sasa tuulize swali letu kwa mara ya pili. Kisima cha Fahud kilikuwa kimefikia wapi? Mwaka 1957, mwaka uleule ndege zilipokuwa zikiipiga Nizwa, kisima hicho kiliachwa baada ya kuonekana kuwa ni kikavu. Vingine vilivyofuata navyo havikutoa kitu cha maana. Mwaka 1960 wenye hisa wengi walichoka. Kampuni ya Waingereza ya BP, Wafaransa na Wamarekani wote walijitoa, wakaiachia Shell asilimia 85 na Gulbenkian asilimia 15. Anayesema kwamba makomando walipandishwa mlimani kwa ajili ya mafuta ya Oman ana kazi ya kueleza kwa nini waliodaiwa kuyataka mafuta hayo waliyakimbia mwaka mmoja tu baada ya ushindi.

Katika bunge la Uingereza, Waziri wa Mambo ya Nje Selwyn Lloyd alieleza kuwa nchi yake iliingia kwa sababu ya urafiki wa muda mrefu na Sultani. Wabunge wa upinzani hawakuridhika. Agosti mwaka 1957 nchi za Kiarabu zilitaka Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liijadili Oman. Kura 5 zilipinga na 4 zikaunga mkono, suala likaachwa. Marekani haikupiga upande wowote. Upande mmoja alikuwepo mshirika wake wa London, upande wa pili mfalme ambaye makampuni yake ya Aramco yalikuwa yakichimba kwake. Kutopiga kura kwake kunaeleza mengi kuliko hotuba nyingi zilizotolewa siku hizo.

Urafiki peke yake si jibu la kutosha, kwani Uingereza imewaacha marafiki wengi walipoacha kuwa na faida. Tuitazame kalenda. Mfereji wa Suez ulitaifishwa Julai mwaka 1956, uvamizi wa Misri ukafuata na ukaishia kwa fedheha, mfereji ukafungwa, na Waingereza wakauziwa petroli kwa mgawo hadi Mei mwaka 1957. Sehemu kubwa ya mafuta yao ilitoka Kuwait. Miezi miwili baada ya mgawo kwisha, Sultani wa Maskati anaomba msaada. Kama London ingemwacha aanguke, Sheikh wa Kuwait angefikiri nini? Na wa Bahrain, na wa Qatar? Julai mwaka 1958, wakati wapiganaji wangali mlimani, mfalme wa Iraq, rafiki mkubwa wa Uingereza, aliuawa katika mapinduzi, na hofu hiyo ikawa maradufu.

Kwa hiyo mimi naona kwamba hivi vilikuwa vita viwili ambavyo historia imevifunga katika kitita kimoja. Msafara wa mwaka 1954 na 1955 ulikuwa wa mafuta ya Oman, mafuta ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona. Vita vya mwaka 1957 hadi 1959 havikuwa vya mafuta ya Oman. Vilikuwa vya mafuta ya majirani zake, na vya heshima ya dola iliyotoka kuaibishwa Suez na ambayo haikuweza tena kuyalinda mafuta hayo bila heshima hiyo. Wachambuzi wanaosema si mafuta wanatazama kisima cha Fahud, nao wana haki. Wanaosema ni mafuta wangepata hoja nzuri zaidi wakiacha kuitazama Fahud wakaitazama Kuwait.

Na watu wa mlimani je? Sioni dalili kwamba mkulima wa Saiq aliyebeba bunduki alikuwa akikiwaza kisima. Alikuwa na Imamu aliyempa kiapo, na mkataba wa Seeb ambao upande wa pili ulikuwa umeukanyaga. Sulaiman bin Himyar alikuwa na ubwana wake wa mlima. Talib alikuwa na wafadhili wake mjini Riyadh na Cairo, ambao nao walikuwa na mahesabu yao. Wanaotafuta chanzo kimoja cha vita huwa wameuliza upande mmoja tu.

Lisemwalo lipo

Wahenga walisema lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja. Mwaka 1962 Shell ilipata mafuta Yibal. Mwaka uliofuata yakapatikana Natih. Na mwaka 1964 yakapatikana Fahud kwenyewe, mita mia chache tu kutoka kwenye kile kisima kikavu. Waliochimba mwaka 1956 walikuwa wamekosea kwa umbali wa kutembea kwa dakika chache. Julai mwaka 1967 meli ya kwanza ya mafuta ya Oman iliondoka, na Wafaransa waliokuwa wamejitoa wakarejea mwaka huohuo kununua asilimia 10.

Katika miaka hiyo suala la Oman lilikuwa bado linajadiliwa New York. Umoja wa Mataifa ulimtuma mwanadiplomasia wa Sweden, Herbert de Ribbing, kwenda kuitazama nchi mwaka 1963, na Desemba mwaka 1965 Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuitambua haki ya watu wa Oman kujiamulia mambo yao na kuitaka Uingereza iondoke. Mjadala huo ulikufa wenyewe baada ya Sultani Qaboos kumpindua baba yake tarehe 23 Julai mwaka 1970 na Oman kuingia Umoja wa Mataifa mwaka 1971. Mwaka 1974 serikali yake ilichukua asilimia 60 ya kampuni ya mafuta.

Qaboos aliwaita Waomani wa ng'ambo warudi, na maelfu waliitika kutoka Zanzibar, Kenya, Tanganyika ya zamani, Uingereza na nchi za Ghuba. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliotoka katika miji ileile ya bara, wakahamia Afrika Mashariki, na baada ya mapinduzi ya Januari mwaka 1964 wakajikuta hawana pa kukaa. Walijua kusoma na kuandika Kiingereza katika nchi iliyokuwa na shule chache mno, na baadhi yao waliajiriwa na kampuni ya mafuta. Ndiyo maana katika ofisi za Mina al Fahal, bandari inayosafirisha mafuta ya Fahud, Kiswahili kilisikika kwa miaka mingi mezani na vibarazani.

Imamu Ghalib bin Ali hakurudi. Aliishi uhamishoni nusu karne, akafariki mwaka 2009 huko Dammam, nchini Saudi Arabia, mji ambao jina lake lilipewa uwanja wa mafuta ambako mwaka 1938 kisima namba 7 kilitoa mafuta ya kwanza ya biashara ya ufalme huo.